Mabanda ya kisiwani Tanga: pweza nyota tano, usalama sijui niseme nini

Nawapa nyota 3, na mbili kati ya hizo ni za nahodha. Jina la sehemu siliweki mana mwenye nayo tunasali msikiti mmoja.

Tulienda mimi na wife Alhamisi tarehe 2 Mei 2024, boti tumepandia Raskazone. Pazuri, hapo sibishi, neti haina tundu hata moja na yule mama wa jikoni pweza wake wa nazi unamkata kwa kijiko.

Sasa Ijumaa asubuhi nimeenda kwenye mbuyu, ndo sehemu pekee simu inashika, meseji zikamiminika, shemeji yangu wa Dar anauliza mko wapi nyie, kimbunga Hidaya kinakuja, TMA, wale wa hali ya hewa, wametangaza na Tanga imo, boti za Unguja zimesimamishwa. Namfata msimamizi ananambia "kaka hayo ya Mafia huko, huku hayafiki". Ni kweli Jumamosi kikatua Mafia kikaishiwa nguvu, lakini we Ijumaa ulijuaje?? Nikaanza kuhesabu majaketi ya kuokolea, manne, wageni tuko saba, na moja kamba imekatika. Redio hamna. Pa kukimbilia juu hamna, kisiwa kimelala kama chapati. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, kule ukizubaa huondoki.

Mzee nahodha ndo katutoa. Kasimama ufukweni anaangalia kusini kimya muda mrefu, halafu akasema wanangu mna bahati sasa hivi maji mafu, bahari haijai sana, ingekuwa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, na upepo ukasukuma, bahari ingeingia hapo mnapolala. Saa sita tunaondoka, ikipita hapo boti siitii majini hata kwa milioni. Tukarudi tumelowa chapachapa, wife anachota maji ya kwenye boti na dumu lililokatwa huku ananiangalia jicho ambalo mpaka leo sijalisahau.

Hela ya usiku wa pili, elfu tisini, hawakurudisha, eti tumeondoka kwa hiari yetu!

Kurudi nitarudi, ila kaskazi ikishaanza, na nitapiga simu kwanza kuuliza kama yule mzee bado yupo. Wakisema kaacha kazi, pweza nitamla hapa hapa mjini.