Spreyi za kupulizia mshipi: nani anunue, nani aachane nazo

Kwa wenye haraka, naongelea hizi spreyi za kulainisha mshipi wa kuvulia: kama kwenye rili yako (kile chombo cha kuzungushia mshipi kwenye rodi) umeweka mshipi wa nailoni au florokaboni na rili yenyewe ni hizi ndogo za spini, zinazoning'inia chini ya rodi, nunua, hela yako haijapotea. Kama unatumia PE ya kusuka, yaani mshipi wa nyuzi nyembamba za plastiki zilizosukwa pamoja, inasaidia pia, ila sio kwa sababu wanazokwambia wauzaji. Na kama unavua kwa mshipi wa mkono kwenye ngalawa achana nayo kabisa, hiyo hela nunua chambo. Mwenye haraka aende zake, tuliobaki tuongee taratibu.

Mi navua pwani ya Dar, Coco, Kunduchi na upande wa Kigamboni, narusha nikiwa nchi kavu, chambo bandia vya gramu 10 mpaka 30 hivi, natafuta kolekole, mzia na chochote kitakachokubali (Bongoyo na Mbudya sirushi, kule ni hifadhi ya bahari, msije mkasema nimewatuma). Nasema hivi mjue maoni yangu yanatokea wapi, maana ukisoma maoni ya watu kuhusu hizi spreyi (wenyewe wanaziita kondishena za mshipi) wengi ni Wamarekani wanaovua besi, samaki wa maji baridi, kwenye maziwa, na hizi spreyi kwa sehemu kubwa zililengwa kwao. Hata ile maarufu kuliko zote, KVD Line & Lure Conditioner, hizo herufi ni za Kevin VanDam, jamaa wa Michigan aliyebeba Bassmaster Classic, shindano kubwa la kuvua besi, mara nne, 2001, 2005, 2010 na 2011. Kwa huku kwetu mambo ya besi wanayajua ndugu zetu wa ziwa Naivasha, Kenya, kule samaki hao walipandikizwa tangu 1929, sisi wa maji chumvi tunaichukua tu chupa ya watu na kuangalia inatufaa wapi.

Sasa tatizo lenyewe ni hili. Nailoni ikikaa kwenye spuli, lile gurudumu la rili linalobeba mshipi, muda mrefu, hasa spuli ndogo za namba 1000 au 2500, inashika umbo la spuli. Ukirusha inatoka imejiviringa kama springi ya godoro, ile miviringo inagonga pete ya kwanza ya rodi moja baada ya nyingine, kasi inapotea, chambo kinadondokea karibu, na hapo bado upepo hujauhesabu. Upepo ukikuta mshipi umelegea juu ya maji unauingiza kwenye spuli umelala ovyo, mrusho unaofuata linatoka fundo ambalo hata fundi wa nyavu atakaa nalo mpaka magharibi. Kipindi cha kusi ukisimama Coco upepo unakuja usoni kabisa, kwahiyo hii sio habari ya kusimuliwa.

Florokaboni ndo mkorofi zaidi maana ni ngumu kuliko nailoni. Watu wanaipenda kwa sababu za msingi, Kureha wa Japani waliitoa 1971 na mpaka leo jina lao la Seaguar liko juu, inapinda mwanga karibu sawa na maji (maji ni 1.33, florokaboni 1.42, nailoni iko 1.5 na kitu) kwahiyo samaki anapata tabu kuiona, inazama yenyewe kwa sababu uzito wake ni kama mara 1.78 ya maji, na hainywi maji wakati nailoni inakunywa na kulegea. Yote mazuri, ila ukiijaza kwenye rili ndogo ya spini utaichukia. Ndo maana wengi tunaitumia kama lida tu, kile kipande cha mwisho kinachoshika chambo, mita moja mbili mbele ya PE, na wachache wenye roho ngumu ndo wanajaza spuli nzima.

Hapa spreyi inafanya kazi yake. KVD ni ya kupampu, sio ya gesi, unapuliza kwenye spuli mpaka mshipi uloe, unaiacha usiku kucha, asubuhi unaenda kuvua. Ukitaka kuona tofauti kwa macho fanya hivi: kabla ya kupuliza vuta kama mita moja ya mshipi uuache uning'inie kutoka kwenye spuli bila kitu chochote mwishoni. Utauona unajikunja, ncha inapanda juu kama inataka kurudi ilikotoka. Rudia asubuhi baada ya kupuliza. Hautanyooka kama rula, mtu asikudanganye, lakini ile miviringo midogo ya kubana inakuwa mawimbi mapana, na ukiupitisha katikati ya vidole unateleza badala ya kukwaruza. Hayo mawimbi mapana pete za rodi zinayameza bila shida, ile miviringo ya kubana ndo inayoleta balaa.

Je unarusha mbali zaidi? Kidogo. Kuna watu wanaongea utadhani chambo kitavuka kifike Zanzibar, hapana, ni nyongeza ndogo ambayo ukiwa na upepo usoni hata hutaiona. Faida niliyoiona mimi ni kwamba mafundo yamepungua sana, na mafundo yakipungua unavua muda mrefu na mshipi hauukati kila saa ukautupa, na kwa bei ya florokaboni ilivyo hapa mjini hiyo peke yake inarudisha hela ya chupa. Kwa nailoni na florokaboni naipa 8 kwa 10.

PE ni habari nyingine. PE ya kusuka haina tatizo la kujiviringa hata kidogo, ni laini kama uzi wa cherehani, kwahiyo anayekwambia upulize PE ili inyooke hajui anachouza. Tatizo la PE huku kwetu ni chumvi. Nyuzi zenyewe hazinywi maji, na ni nyepesi kuliko maji, 0.97, ndo maana zinaelea, lakini katikati ya nyuzi zilizosukwa kuna nafasi, maji ya bahari yanaingia humo, yanakauka, chumvi inabaki punje punje. Baada ya hapo kila ukirusha au ukivuta unasikia ile sauti ya kusaga kwenye pete, na mshipi unakuwa mkavu na mkwaruzo, rangi inapauka, manyoya yanaanza kutoka. Spreyi inapunguza ile sauti, inafanya PE ipite laini na maji yasing'ang'anie sana. Wajapani ambao ndo wenye ugonjwa wa PE duniani wana spreyi zao maalumu za PE, Varivas wanayo mojawapo, ambayo lengo ndo hilo hilo, mshipi uteleze na usishike maji. Kwa PE mi natoa 5 au 6 kwa 10, ni raha zaidi kuliko lazima, maji ya bomba yanafanya nusu kubwa ya hiyo kazi bure.

Na hapa ndo watu wengi wanakosea, wanapuliza juu ya chumvi. Mtu katoka baharini, rili bado ina chumvi, anapuliza spreyi anaiweka stoo anaona kaitunza. Chumvi yote iko mle ndani inakusubiri. Utaratibu uwe huu, kaza breki ya rili (ile inayoachia mshipi samaki akivuta kwa nguvu) kwanza maji yasiingie ndani, mwagia spuli maji baridi ya bomba taratibu, sio kwa presha, presha inasukuma chumvi ndani, futa, acha ikauke kivulini, halafu ndo upulize. Kivulini, sio juani wala kwenye dashibodi ya gari, nailoni inaharibiwa na jua kuliko kitu kingine chochote, ukiona imekuwa nyeupe kama ina unga hapo hakuna cha spreyi wala dua, toa weka mpya.

Jambo lingine ni breki. Rili nyingi za spini breki iko kwenye spuli yenyewe, pale juu chini ya kile kirungu cha kukazia, na zile washa za ndani (visahani bapa vinavyobanana) nyingine ni za kitambaa kigumu. Ukipuliza ovyo ule utelezi ukaingia mle breki inaanza kuachia pale usipotaka, samaki mkubwa akivuta unabaki unashangaa. Toa spuli kwenye rili, ziba juu na chini kwa kitambaa au hata kwa vidole, puliza ubavuni tu kwenye mshipi, halafu futa kingo za spuli.

Na mafundo ya kuungia! Hili sijaona mtu analisema vya kutosha. Wanaounga PE na lida kwa fundo la FG wanajua lile fundo halina kitanzi, linashika kwa kubana tu, PE inauma lida. Ukishapaka vitu vya utelezi hapo unategemea nini? Kuna jamaa tunavua naye fundo lilimchomoka zima zima na rapala yake mpya (chambo bandia) ikaondoka na mzia, lida imetoka safi kabisa utadhani haijawahi kufungwa. Kwahiyo funga fundo kwanza kwenye mshipi mkavu, au kama umeshapuliza basi mita mbili za mwisho zifute na kitambaa chenye sabuni kidogo, suuza, kausha, ndo ufunge.

Kuhusu kuipata, hapa Dar usitegemee kuikuta kila duka la zana za uvuvi, maduka mengi yana nyavu, ndoana, chubwi na nailoni, hizi anasa ni za kuagiza. Kule Marekani chupa ndogo ya KVD, ile ya kama ml 118, inacheza kwenye dola 10, ukibadilisha ni elfu ishirini na kitu kabla ya usafiri. Ukimwagiza ndugu anayekuja kwa ndege mwambie achukue ya kupampu. Ziko za kopo la gesi pia, Reel Magic ni ya aina hiyo na ina sifa nzuri kwa wanaotumia nailoni, silikoni yake inaingia vizuri mpaka tabaka za chini za spuli, lakini makopo ya gesi inayoshika moto ambayo sio vitu vya kujipaka mwilini hayaruhusiwi kwenye mabegi ya ndege, na hutaki shemeji yako asimamishwe uwanja wa ndege kwa ajili ya mshipi wako wa kuvulia.

Mbadala wa bei rahisi? Nimeulizwa kuhusu spreyi za dashibodi za magari. Baadhi zina silikoni ndio, lakini zina manukato na vimiminika vingine ambavyo hakuna aliyeviweka kwa kufikiria nailoni yako, mi siwezi kukushauri. Mafuta ya nazi yanaganda stoo ikipoa na yanakamata mchanga, ukishakamata mchanga pwani umetengeneza msasa wako mwenyewe. Njia ya bure iliyopo ni ya wazee. Pale Kunduchi kuna mzee aliniona napuliza, baada ya shikamoo zangu akaniuliza, "Mwanangu, rili nayo unaipaka mafuta ya nywele?" Nikamweleza. Akacheka, akachukua mshipi wake wa nailoni, akafunga ncha kwenye mnazi, akarudi nyuma kama mita thelathini hivi, akavuta pole pole akashikilia, akaachia, akavuta tena. Mshipi ukanyooka mbele yangu. "Na hii huinunui," akasema. Na kweli inafanya kazi, kwa nailoni inafanya kazi vizuri tu, ila inanyoosha zile mita ulizovuta, haiachi utelezi wowote, na kwa florokaboni inabidi uvute kwa adabu maana ukizidisha unaidhoofisha bila kujua. Siku hizi nafanya vyote viwili, navuta kwanza halafu napuliza, na huo mchanganyiko ndo mzuri kuliko kimoja peke yake.

Kitu ambacho spreyi haiwezi ni kurekebisha mshipi mbaya au spuli iliyojazwa vibaya. Niliwahi kuuziwa duka moja mjini kitu kimeandikwa florokaboni, bei ya florokaboni, lakini kilikuwa laini na kinavutika kama nailoni ya kawaida, ungekipuliza mpaka chupa iishe kisingekuwa florokaboni. Na spuli ukiijaza mpaka ukingoni mshipi utamwagika tu, acha nafasi ya milimita mbili hivi, na wakati wa kujaza ubane mshipi kwa kitambaa chenye maji ili ulale umekaza. Mtu anayejaza mshipi umelegea halafu anakuja kulalamika spreyi haifanyi kazi mi simsikilizi.

Chupa inakaa muda mrefu, sio kitu cha kupuliza kila ukitoka, usiku wa kabla ya safari inatosha, kwahiyo mkiwa watatu wanne mnaovua pamoja changeni moja. Yangu imebaki karibu nusu, anayetaka kujaribu kabla ya kununua anikute Coco jioni za wikiendi, ila aje na rili iliyooshwa, yenye chumvi sipulizii.