Ebey's Landing, kisiwa cha Whidbey: hifadhi ya taifa ambayo watu wanaishi na kulima ndani yake

Wadau mliopo Seattle, Kent, Tukwila na huko jirani jimbo la Washington, Marekani, kama mnatafuta pa kwenda na familia wikiendi mi nawashauri kabisa nendeni Ebey's Landing, ipo katikati ya kisiwa cha Whidbey pale kwenye mji mdogo wa Coupeville. Sisi tulipanda feri ya Mukilteo, kama dakika 20 tu mmeshashuka Clinton, halafu ni kuendesha kuelekea kaskazini. Asiyetaka feri azunguke na daraja la Deception Pass.

Kilichonivutia zaidi ni hiki, sisi tukisikia hifadhi ya taifa tunawaza geti, askari na watu kuhamishwa. Hapa hamna geti. Ni ekari kama 17,500 na asilimia 85 hivi ni mali za watu binafsi, wamo humohumo wanalima maboga, shayiri, mbegu za kabichi, na Coupeville yenyewe ipo ndani ya hifadhi. Miaka ya 70 mashamba ya pale yalikuwa mbioni kukatwa viwanja, wenyeji wakapambana mpaka mwaka 1978 bunge la Marekani likapitisha sheria, ikawa hifadhi ya kwanza ya aina yake nchi nzima. Na utaratibu wao ndo nimeupenda, yaani mkulima analipwa ile haki ya kujenga, anasaini kwamba shamba halitakuja kuwa mtaa wa nyumba, lakini linabaki lake, atalima, atarithisha wanawe, hata kuuza anaweza ila anayenunua analikuta sharti palepale. Wasimamizi ni bodi moja ya pamoja, serikali kuu, jimbo, kaunti na mji wanakaa meza moja. Kwetu kuna mashamba ya zamani na miji mikongwe mingi ingepona kwa njia kama hii, natamani wahusika wa ardhi waje waone.

Haya, historia. Isaac Ebey alifika mwaka 1850, na sheria ya ardhi ya wakati ule ilimpa mwanamume mzungu ekari 320 bure, akiwa na mke wanapata 640 wote wawili, sharti akae na kulima miaka 4. Mwaka 1851 akamwandikia ndugu yake barua akikisifia kisiwa kuwa karibu kinafanana na peponi, na familia ikamfuata. Ukisimama pale makaburi ya Sunnyside ukatazama bondeni mipaka ya yale mashamba ya kwanza bado unaiona, barabara na uzio vimefuata mistari ileile.

Ila pepo hiyo ilikuwa na wenyewe. Watu wa Lower Skagit, kabila la Wahindi Wekundu, walikuwa wanaishi hapo tangu zamani, na walikuwa wanauchoma moto ule uwanda kwa makusudi, ili misitu isiuzibe na camas iote vizuri, mmea fulani wenye kiazi cha kula. Ndo maana walowezi walikuta ardhi wazi yenye udongo mweusi katikati ya kisiwa kilichojaa miti mikubwa, kazi ya kusafisha shamba wenzao walishaifanya vizazi na vizazi. Mwaka 1855 mkataba wa Point Elliott, kati ya serikali ya Marekani na makabila ya huko, ukaitoa ardhi mikononi mwao. Ukienda bila kulijua hili utaona mashamba mazuri tu na hutaelewa yametoka wapi.

Ebey mwenyewe aliuawa mwaka 1857, usiku, nyumbani kwake, na watu waliokuja kwa mitumbwi kutoka mbali kaskazini kulipiza kisasi. Mwaka mmoja nyuma meli ya kivita ya Marekani iliwaua watu wao Port Gamble, akiwemo mkubwa wao, nao wakataka mkubwa kwa mkubwa. Nyumba ya baba yake, Jacob, bado ipo juu ya kilima na pembeni yake kuna kibanda cha kujihami cha magogo yaliyochongwa bapa, kona zimeshikana kwa kukatwa tu magogo yenyewe, ukisogea karibu unaona matundu ya kutolea mtutu wa bunduki. Niliganda hapo muda mrefu, unaielewa hofu waliyokuwa nayo.

Kutembea sasa, kuna njia ya juu ya genge, mkono mmoja mashamba mkono mwingine bahari, ng'ambo milima ya Olympic, chini yenu lile ziwa la Perego's Lagoon na magogo meupe yaliyotupwa na mawimbi. Mzunguko kutoka ufukweni ni kama kilomita 5 na nusu, kurudi kwa chini ni changarawe tupu inachosha miguu kwelikweli. Upepo ni mkali hata jua likiwaka, bebeni jaketi na maji, na watoto washikwe mkono huko juu.

Kiingilio hamna, ila ukipaki ufukweni unatakiwa uwe na Discover Pass, kile kibali cha kupaki gari kwenye hifadhi za jimbo, dola 10 kwa siku, na paking ni ndogo kwa hiyo wahini asubuhi. Nyumba ya Jacob Ebey wanaifungua miezi ya kiangazi, msimu mwingine mtaiona kwa nje tu. Njaa ikiuma shukeni Coupeville mkale kome wa Penn Cove, wanafugwa hapohapo mbele ya mji.