Kipimajoto cha jikoni cha shilingi 18,000, na chai ya mama

Nimekitumia miezi minne, karibu kila asubuhi, kwa hiyo naweza kukisemea. Ni kipimajoto kidogo cha kidijitali chenye sindano ya chuma, vile wanavyotumia waoka keki na wachoma nyama. Nilikinunua Moshi mjini kwa 18,000. Mimi sioki keki. Nilikitaka kwa ajili ya chai.

Baba yetu alifariki kwa saratani ya umio, yaani lile bomba linalopitisha chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Ilianza kwa ndizi kumkwama. Tukahamia mtori, kisha uji mwepesi, mwisho hata maji yakawa hayapiti. Nilipokuwa namuuguza, muuguzi mmoja aliniuliza, "Mzee alikuwa anakunywa chai ya moto kiasi gani?" Nikamjibu, "Ya kawaida tu, dada." Jibu hilo limenisumbua tangu siku ile, kwa sababu sikujua kawaida yetu ni kiasi gani.

Baadaye nilikuta kwamba kuna watu walishaipima. Watafiti walikuja huku kwetu Kilimanjaro, wakawapima watu wazima chai yao pale wanapopiga funda la kwanza, na matokeo yakachapishwa 2015: wastani ulizidi nyuzi joto 70. Mwaka uliofuata Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, likatangaza kuwa vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 vinaelekea kusababisha saratani ya umio. Kosa si la majani ya chai, ni la moto wake. Na kule Golestan, Iran, walikofuatilia watu zaidi ya 50,000 kuanzia 2004, waliokunywa chai ya nyuzi 60 na zaidi, kiasi cha mililita 700 au zaidi kwa siku, walikuwa na hatari kubwa kwa 90% kuliko waliokunywa kidogo na iliyopoa. Mililita 700 ni vikombe vitatu hivi. Baba alikuwa anamaliza viwili kabla ya kwenda shambani.

Sasa kifaa chenyewe. Siku ya kwanza nilidhani nimeuziwa kibovu: maji yanatokota kabisa, chenyewe kinasoma 95. Mpwa wangu anayefundisha fizikia akaniambia, "Mjomba, sisi Marangu tuko juu, maji huku hayafiki 100." Tukakitia kwenye glasi ya barafu iliyopondwa na maji, kikasoma 0. Kumbe kiko sahihi. Ukinunua chako, kijaribu hivyo kwanza, lakini kumbuka mlima.

Kisha nikapima chai ya mama. Chai ya maziwa iliyotiwa kwenye chupa saa kumi na mbili asubuhi, saa nne bado ilikuwa 79 humo ndani. Hapo nilishtuka. Mimi niliamini chai ya saa nne imeshapoa, kumbe chupa nzuri inautunza ule moto asubuhi nzima. Mama alikuwa anamimina na kunywa papo hapo, na funda lake la kwanza lilisoma 74. Kwenye kikombe cha udongo ilichukua dakika kumi na mbili kushuka hadi 60. Chai ya rangi ilitangulia kwa dakika tatu hivi. Ya maziwa ina utando juu unaoshikilia joto. Kuimimina kwenye kikombe kingine na kurudisha mara mbili kunaokoa karibu nusu ya muda huo.

Mama hakupenda mwanzoni. "Mwanangu, chai ya vuguvugu ni ya mgonjwa." Sikubishana naye. Nilimpa akionje kikombe cha 60 bila kumtajia namba, akasema ni cha moto. Tangu hapo ananiuliza mwenyewe, "Kimefika ngapi?" Hilo ndilo ninalokisifia kifaa hiki kuliko yote: "moto" ya mama na "moto" yangu ni vitu viwili, na kwa miaka yote tulikuwa tunabishana kwa neno moja.

Lazima niwe mkweli, kipimajoto hakikuniambia kilichomuua baba. Alivuta sigara, alikunywa pombe, na alikulia kwenye jiko la kuni lenye moshi mzito. Vyote hivyo wanaochunguza ugonjwa huu wanavihesabu. Saratani hii imejaa kwenye ukanda unaoanzia Ethiopia na Kenya, ukapita kwetu hadi Malawi na Afrika Kusini, na bado wanatafuta kwa nini. Utafiti wa namna hiyo unasema juu ya maelfu ya watu, hauwezi kunyoosha kidole kwenye kaburi moja. Ila kati ya yote waliyoyataja, kusubiri dakika kumi ndiyo hatua isiyonigharimu kitu.

Kasoro zake zipo. Kinachukua sekunde kama kumi kutulia, na mvuke unaziba kioo usipokishika kwa pembeni. Hakizuii maji, kwa hiyo osha sindano tu. Maelekezo ni ya Kichina na Kiingereza kidogo. Cha kwanza nilichouziwa kilikuwa na betri iliyokufa, na muuzaji hakutaka kukibadilisha mpaka niliporudi mara ya pili. Washa kabla hujatoa hela.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Nimemnunulia dada yangu wa Rombo kimoja, pamoja na betri mbili za akiba, zile bapa kama kifungo, maana dukani kwao hazipatikani.