Brashi za nguruwe na za nailoni: nilivyozitumia kwa rangi ya mafuta hapa Kisumu

Kwenye mchoro wangu wa mashua za Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, kuna unywele umelala karibu na wingu, na hautoki tena. Niliuona baada ya siku nne, rangi imeshashika. Ulitoka kwenye brashi bapa niliyouziwa mjini kwa shilingi 350. Nilikuwa nimemuuliza muuzaji ni nywele za mnyama gani, akanijibu, "Dada, hiyo ni orijino kabisa."

Nikang'oa unywele mwingine kwenye brashi ileile, nikawasha kiberiti. Nywele za mnyama zikiungua hunuka kama kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa, na hubaki jivu linalosagika kwa vidole. Huu ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha kishanga cheusi kigumu. Plastiki tupu. Sina ugomvi na plastiki, ila niuziwe kwa jina lake.

Nianze na kitambaa, maana ndicho kinachoamua mengi. Nachora juu ya amerikani. Fundi wa Kibuye huniundia fremu, navuta kitambaa, napaka gundi ya mbao iliyopunguzwa kwa maji, kisha rangi nyeupe ya maji mara mbili. Uso unaotoka hapo unakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Brashi laini haifiki mbali.

Nalijua hilo kwa sababu seti yangu ya kwanza ilikuwa brashi 12 za nailoni laini, shilingi 600 zote. Zilikuwa zinateleza juu ya rangi mbichi na kuikomba ile ya chini badala ya kuacha ya juu. Kosa lilikuwa langu. Zile ni za rangi ya maji, na mimi nilinunua kwa kuangalia bei.

Brashi za nguruwe za kweli nilizipata nilipoenda Nairobi, tatu tu: namba 4, namba 8 na namba 12. Tofauti niliihisi mkononi kabla ya kuiona kwa macho. Nywele zake ni ngumu, na ukizitazama kwa karibu kwenye mwanga, ncha ya kila unywele imepasuka vijitawi viwili vitatu. Hivyo ndivyo vinavyobeba rangi. Nikichota rangi nzito kama ilivyotoka kwenye tyubu, namba 8 inaivuta kutoka tezi ya mashua hadi omo bila kurudi kuchota. Inaacha mifereji midogo, na jioni taa ikiipiga kwa ubavu, inafanana na ziwa upepo ukianza kuamka. Nailoni bado haijanipa kitu hicho.

Kasoro zake zipo. Nywele zilidondoka wiki ya kwanza (sasa huwa nazigongagonga kiganjani kabla ya kuanza). Ukingo wake haunyooki: kamba ya tanga inatoka kama mkia wa paka. Na usizipeleke kwenye akriliki, ile rangi ya plastiki inayochanganywa na maji. Zikikaa majini hulegea kama ugali uliozidiwa maji.

Kwa kamba, mlingoti na majani ya gugu maji natumia nailoni ngumu za mpini mrefu, zilizotengenezwa kwa rangi ya mafuta na akriliki pia. Nina mbili, na hizi nazisifu bila kusita. Ncha inarudi mahali pake kila ukiinyanyua, na mstari unatoka safi. Wanaosifu nywele za mkia wa kicheche wa Siberia huenda wana haki, lakini bei niliyotajiwa kwa brashi moja ingeninunulia samaki wa wiki nzima. Nikaaga.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Jirani yangu ni mwandika mabango, Mwislamu, na siku moja alinyoosha mkono achukue namba 4 yangu. Nikamwahi: "Mzee, hiyo ni ya nguruwe." Mkono ukarudi. "Basi niletee hiyo ya plastiki, mwanangu." Nikaitazama ile ya nguruwe vizuri. Mpini una neno la Kiingereza lenye maana ya nywele ngumu tu, nguruwe hatajwi popote. Mtu asiyejua atanunua, atatumia mwaka mzima. Mzee sasa anaandika herufi za matatu kwa nailoni, na mistari yake imenyooka kuliko yangu.

Kuosha ndiko kulikoniua mfukoni. Mwanzoni nilitumia thina kali ya dukani. Ilibambua rangi ya mpini na kuzikausha nywele za nguruwe zikawa kama nyasi za Januari. Siku hizi nafuta kwanza kwa kitambaa, nasuuza kwa tapentaini kidogo, kisha nasugua kwenye sabuni ya kipande kiganjani, nikikamua kwa kucha pale nywele zinapoingia kwenye bati. Rangi ikigandia humo ndani, nywele hutanuka na hazikutani tena. Nailoni husafishika kwa nusu ya muda huo, ila nilipoisahau imesimama kwa ncha ndani ya kopo usiku kucha, asubuhi ilikuwa imepinda kama mundu. Niliichovya ncha kwenye maji ya moto, nikainyoosha kwa vidole. Ilirudi, si yote.

Baada ya miezi minane, namba 8 ya nguruwe imeisha nusu urefu na bado ndiyo ninayoishika kwanza. Za nailoni ngumu ziko karibu kama mpya. Zile laini 12 nimempa binti yangu, anapakia gundi kazi zake za shule.