Visiki Vizuri, Mawe ya Kutiliwa Shaka: Tathmini ya Seti ya Kupangia Tangi la Mimea

Mwezi Machi mwaka huu nilinunua seti ya visiki na mawe kwa ajili ya tangi langu la mimea na samaki, lenye urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45, ambalo likijazwa hadi ukingoni huchukua takriban lita 182. Seti hiyo ilikuwa na vipande vitatu vya mizizi mikavu kwa shilingi 170,000, kilo 14 za mawe ya kijivu kwa shilingi 10,000 kila kilo, na fundi wa kuja nyumbani kuvipanga kwa shilingi 100,000. Jumla ikawa 410,000. Duka silitaji, kwa kuwa seti za namna hii zinauzwa na watu wengi jijini Dar es Salaam na kasoro nitakayoieleza huipata mnunuzi wa popote. Baada ya kuishi nayo sebuleni kwa miezi mitano, naona kwamba visiki vimestahili bei yake, fundi alistahili kulipwa zaidi ya alivyolipwa, lakini mawe yale hayakupaswa kuuzwa kwa mtu wa mimea bila onyo.

Visiki vilikuwa vya aina mbili. Viwili vilikuwa mizizi myembamba yenye vitawi vingi vilivyotanda kila upande, ambayo madukani huitwa spaida kwa kufananishwa na miguu ya buibui. Cha tatu kilikuwa kipande kizito cha mopane, mti unaoota kusini mwa bara letu, kuanzia Zambia na Zimbabwe hadi Botswana na Namibia. Tofauti yake utaijua mara tu utakapovitia majini: mopane ilizama papo hapo, upande wake mmoja ukiwa wa hudhurungi iliyokolea na wa pili ukiwa na rangi ya mchanga mkavu, ilhali spaida zilielea kama maboya na zikaendelea kuelea siku 19 ndani ya pipa, huku zimekandamizwa kwa matofali. Muuzaji alinitahadharisha mapema juu ya jambo hilo, na hapo anastahili sifa, maana wapo wanaokuuzia kisiki hivi hivi na kukuacha ugundue mwenyewe pale kinapoibuka usiku na kung'oa mimea yote uliyoipanda mchana.

Wanunuzi wageni hulalamikia sana rangi ya maji, nami naona wanalalamika bure. Mopane hutoa tanini, yaani dutu ya mti inayoyapa maji rangi ya chai, kwa muda mrefu. Yangu niliichemsha mara tatu katika sufuria la shughuli nililoliazima kwa jirani, na bado maji ya tangi yalibaki na wekundu kwa wiki sita. Watu wa pwani wataelewa upesi, kwa sababu chai isiyo na maziwa tunaiita mkandaa, na mkandaa ni jina la mmoja wa miti ya mikoko ambao gome lake limetumika tangu zamani kutia rangi. Kilichomo ndani ya kikombe, ndani ya gome na ndani ya tangi langu ni vitu vya jamii moja. Rangi hiyo haiwadhuru samaki, na asiyeipenda anaweza kutia mkaa wa kuchujia ndani ya filta. Ute mweupe uliozivaa spaida kuanzia siku ya tano, mzito kama uji wa muhogo, nao haukuwa na neno: ni ukungu na bakteria wanaokula mabaki ya sukari ya mti, na konokono pamoja na uduvi waliumaliza kabla ya mwezi kwisha.

Sasa nije kwa fundi, kwa kuwa hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Alikuja na mfuko wa mchanga, utepe wa karatasi na brashi ya rangi, na kwa saa nzima ya kwanza hakuligusa tangi. Alibandika utepe juu ya meza ya chakula, akapata mstatili wa sentimita 90 kwa 45, akamwaga mchanga ndani yake na kuanza kupanga hapo, akiinama kila mara ili jicho lake liwe usawa wa jicho la mtu aliyeketi kwenye kochi. Nilipomuuliza kwa nini asipange moja kwa moja ndani ya kioo, alinijibu kwamba jiwe likimponyoka mezani litakwaruza meza, na likimponyoka ndani ya tangi nitahitaji tangi jingine.

Kisiki cha mopane hakukiweka katikati. Alipima kwa mkono shubiri moja na nusu kutoka kushoto, akakilaza hapo, mizizi minene ikiwa chini na ncha zikielekea kulia kwenye nafasi tupu. Alipokwenda kunawa mikono nilichukua futi nikapima: sentimita 34 upande mmoja na 56 upande wa pili, karibu sawasawa na ule uwiano wa 1 kwa 1.618 unaosisitizwa na wafuasi wa Takashi Amano, mpiga picha Mjapani kutoka Niigata (1954–2015) aliyeifanya kazi ya kupanga bustani za majini ijulikane dunia nzima, na ambaye moja ya kazi zake za mwisho, tangi la mita 40 na lita 160,000, lilifunguliwa Lisbon nchini Ureno mwaka 2015. Fundi wangu aliupata uwiano huo kwa shubiri.

Kwa mawe alikuwa mgumu zaidi. Kila jiwe alililowanisha kwanza kwa brashi, kwa sababu jiwe kavu huficha rangi litakayokuwa nayo majini, kisha akaligeuza pande zote akitafuta mwelekeo wa mishipa yake. Nilijaribu kumsaidia kwa kusimamisha jiwe refu kuliko yote wima, kama mnara. "Kaka, jiwe lililosimama hivyo ni kaburi," akasema, akalilaza kidogo upande wa kulia. "Yote yaelekee upande mmoja, maana mto haupiti pande mbili." Maneno hayo machache yalinieleza kitu ambacho picha nyingi nilizozitazama hazikuwa zimenieleza: kwamba mpangilio unaaminika pale mtazamaji anapohisi kuwa kuna nguvu moja, yaani maji, iliyosukuma kila kitu kikafika kilipo. Kwa sababu hiyohiyo alikataa kuchanganya aina mbili za mawe, akaweka mawe makubwa matatu badala ya manne ili macho yasiyagawe mafungu mawili yanayolingana, na vipande vidogo akavimwaga miguuni mwa yale makubwa, kana kwamba vilimeguka kutoka kwayo.

Ndani ya tangi alitandika kwanza karatasi nene ya plastiki chini ya mahali pa mawe, kisha akaweka mawe na kisiki kabla ya kumwaga udongo, ili samaki mchimbaji asije akafukua chini ya jiwe likaporomoka juu ya kioo. Nyuma alipanga vifuko vya wavu vilivyojaa kokoto za volkano, juu yake udongo wa bustani uliochekechwa, na juu kabisa mchanga, hata sakafu ikapanda kutoka sentimita 4 mbele hadi 15 nyuma. Mwinuko wa mchanga mtupu husawazika wenyewe baada ya wiki chache; huu wangu bado upo. Pembeni na mbele aliacha nafasi ya vidole vinne kati ya mawe na kioo ili kikwanguo cha mwani kipite, jambo dogo ambalo nalishukuru kila Jumamosi.

Kosa lake lilikuwa moja, na lilinigharimu kazi ya siku nzima. Spaida kubwa aliiweka mbele kabisa ya mdomo wa filta, na ingawa ilipendeza, ilivunja mkondo wa maji; nyuma yake taka zikajikusanya na mwani mweusi wenye manyoya ukaota kwenye vitawi. Mimea ya zulia, yaani ile mifupi inayotanda sakafuni, aliyoipanda chini ya kivuli cha spaida hiyo ilikufa yote, kama nilivyotarajia. Chini ya kisiki panafaa mimea isiyodai mwanga mwingi, kama vile anubia, ambayo asili yake ni mito ya Afrika Magharibi na Kati, au jimbi la Java. Mimea hiyo hugandishwa kwenye mti au jiwe kwa tone la supagluu, na shina lake linalotambaa halifukiwi, kwa sababu likifukiwa huoza. Niliisogeza spaida sentimita 20, nikabandika anubia sita, na tatizo likaisha.

Mawe ndiyo yaliyonikera. Yalikuwa ya kijivu yenye makunyanzi na mishipa myeupe, yale yanayouzwa kwa jina la Kijapani la Seiryu, na kwa sura hakuna mtu atakayeyakataa. Nilimuuliza muuzaji kama yatabadilisha maji, akanihakikishia kwamba jiwe ni jiwe. Wiki ya tatu, majani machanga ya mimea yangu yalianza kutoka yakiwa meupe na yaliyojikunja, nami nilipopima ugumu wa kabonati, yaani kiasi cha kabonati kilichoyeyuka katika maji, nikakuta umepanda kutoka digrii 4 hadi 9. Nikachukua kipande kimoja kilichobaki nje, nikakikausha, nikadondoshea siki kwenye mshipa mweupe, na vipovu vikachemka hapo hapo kama soda iliyomiminwa kwenye bilauri. Mishipa ile ni chokaa, yaani kabonati ya kalsiamu. Mtu anayetia kabonidioksidi kwa ajili ya mimea, kama mimi, huiyeyusha kwa kasi zaidi, kwa kuwa gesi hiyo ikiingia majini hufanya asidi hafifu ambayo kazi yake juu ya chokaa ni ileile ya siki, ila ya usiku na mchana.

Sisemi kwamba mawe hayo hayafai. Wako wanaoyatumia na mimea kwa mafanikio, wakibadilisha maji kwa wingi kila wiki na kuchagua mimea isiyojali ugumu wa maji, lakini hao wanajua walichokinunua. Muuzaji anayetoza shilingi 10,000 kwa kilo anaweza kuweka chupa ya siki kando ya mzani, na mnunuzi naye anaweza kwenda na ya kwake mfukoni, maana jaribio lenyewe halichukui hata dakika moja.

Nafahamu swali litakalofuata: kwa nini mtu alipe fedha hizo wakati fukwe zetu zimejaa magogo na mawe? Mawe ya pwani yetu kwa sehemu kubwa ni matumbawe, nayo yatachemka kwenye siki kuliko hata hayo ya kijivu. Magogo yaliyosukumwa na bahari yameshiba chumvi na huhitaji miezi ya kulowekwa kwa kubadilishiwa maji, na mikoko iliyo hai inalindwa na sheria, kwa hiyo mizizi yake si ya kukatwa kwa ajili ya mapambo. Penye mto usio na chumvi hali ni tofauti. Mzizi mkavu na mgumu wa mti usio na utomvu, uliokwisha kuoza sehemu zake laini zote, ni bora kama wa dukani.

Mimi niliyatoa mawe yote na kuweka mawe ya volkano kutoka upande wa Arusha, mekundu na yenye matundu, ambayo rafiki aliniletea ndani ya kiroba. Ni mepesi, siki haikuyafanya lolote, na matundu yake hushika mizizi ya anubia vizuri mno. Hata hivyo si kila lava ni ya kuaminiwa: ile ya Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron, imejaa kabonati ya sodiamu, yaani kitu cha jamii ya magadi tunayotia kwenye maharage, na anayeiokota huko akaitia tangini atakuwa amewapikia samaki wake. Fundi alirudi kupanga upya kwa shilingi 40,000, akatumia kanuni zilezile, na safari hii alitazama mdomo wa filta kabla ya kuweka chochote.

Duka lilikataa kuyarudisha mawe kwa hoja kwamba yamekwisha kutumika. Kwa hiyo kilo zote 14 nimezihamishia kwenye tangi dogo la samaki wa Ziwa Tanganyika, ziwa ambalo maji yake yana pH (kipimo cha asidi, ambapo 7 ni katikati) inayokaribia 9, na ambako chokaa ndiyo hasa inayotakiwa. Nimeyapanga yakiwa yameelekea kulia, yote, na chini ya lile kubwa kuliko yote jozi moja ya brichardi, mmoja wa samaki wa ziwa hilo, imetaga. Wazazi wote wawili wanamfukuza kila anayekaribia, hata kikwanguo changu cha kioo.