TAHADHARI: Redio kaseti za zamani zinazouzwa "zina AUX" wakati hazina

Wadau wa redio kaseti, kuna muuzaji mtandaoni anauza redio za zamani za kubeba akidai amezifungia AUX (tundu la kuchomekea simu kwa waya ili wimbo wake utoke kwenye spika za redio) "moja kwa moja kwenye amplifaya". Kabla hujatuma hela, soma hapa.

Yangu ilifika safi kabisa kwa nje, spika zote mbili zinaita, na tundu la AUX limetobolewa kwa ustadi kweli. Nikachomeka simu, nikaweka swichi kwenye TAPE. Kimya. Kumuuliza, akanijibu niweke FM kisha nitafute 88 na ushee, "AUX inakaa hapo". AUX gani hiyo yenye masafa?

Kufungua nikakuta transimita ndogo ya FM, zile za kwenye magari, imevuliwa ganda lake na kubandikwa kwa gundi ya moto. Yaani transimita inarusha wimbo wa simu hewani, na redio inaudaka kama stesheni nyingine yoyote. Ndiyo maana kuna mvumo wa chinichini muda wote, na stesheni yenye nguvu ikiwa jirani kwenye masafa hayo inaumeza wimbo wako. Kibaya zaidi, umeme wa hiyo transimita ameuchukua kwenye betri kabla ya swichi. Redio umeizima, betri zinaendelea kuliwa.

Mwenzangu aliyenunua kwa huyohuyo alipata aina nyingine: waya zimelehemewa kwenye hedi ya kaseti, kile kichwa kinachosoma mkanda. Hapo sauti inatoka ukiweka TAPE, ila inakwaruza na besi imevimba. Hedi hutoa umeme mdogo sana, hata milivolti moja haifiki, na sakiti inayoupokea imetengenezwa kuukuza mara nyingi na kuongeza besi. Simu inatoa mamia ya milivolti. Ukiingiza yote hayo pale, lazima ikwaruze.

AUX ya kweli huingia baada ya sakiti hiyo, kwenye swichi ya kuchagua TAPE na FM au kwenye volumu: waya wa kushoto, wa kulia na wa graundi, kila upande ukipitia kapasita yake ili umeme wa DC wa redio usirudi kwenye simu. Tundu lenyewe liwe la aina inayokata sauti ya kaseti ukichomeka pini. Si kazi ya ajabu, na vifaa vyake ni vichache. Ndiyo maana inaudhi.

Sasa, ukitaka kununua kwa mtu yeyote, mwambie akurekodie video wimbo ukiwa unapiga kutoka kwenye simu huku anazungusha kitafuta stesheni kutoka mwanzo hadi mwisho. Wimbo ukipotea hata mara moja, achana naye. Asikudanganye kwa kushusha antena. Transimita ikiwa ndani ya redio, antena haina la kusema. Halafu azungushe balansi kushoto na kulia, usikie kama kila upande una sauti yake, maana wengine huunganisha pande zote mbili kuwa waya mmoja na bado wakaita stereo. Mkwaruzo usiuamini kwenye video. Huo usikilize mwenyewe, sauti ya simu ikiwa katikati. Na aombwe picha ya ndani. Wangu alikataa, akasema kufungua kunaharibu garantii. Kwenye picha zake zote kidole au kivuli kinafunika swichi ya FM na TAPE. Nimezipitia upya, hakuna hata moja inayoionyesha.

Hela hajarudisha na amenibloku. Matangazo yake bado yanaendelea kwa jina jingine, picha ni zilezile.

Kama tayari unayo, usiitupe, redio yenyewe ni nzima. Toa betri sasa hivi, na kama unatumia waya wa umeme chomoa ukutani kabla ya kufungua, kisha mpe fundi aukate ule waya wa transimita na kufunga AUX upya kwenye volumu.