Nyerere Square na bustani nyingine za Dodoma: ubora wake unategemea saa unayofika

Nyerere Square naipa nyota nne kwa anayefika saa kumi na moja jioni. Anayefika saa saba mchana ataipa mbili, na sitamlaumu. Katikati, penye sanamu ya Mwalimu, ni sakafu tupu juani, na joto ililolihifadhi kutwa huendelea kutoka hadi jioni. Kivuli kiko pembeni, chini ya miti. Hewa ya Dodoma ni kavu, hivyo hatua chache tu kutoka juani kwenda mtini zinatosha mwili kupoa. Ukavu huohuo ndio unaodanganya: jasho linakauka kabla hujaliona, watoto wanaanza kulalamika kichwa kinauma, kumbe ni kukosa maji tu. Beba lita moja kwa kila mtu. Chupa ya nusu lita haifiki mbali.

Aliyezoea Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, ile ya Wajerumani ya mwaka 1893, asitegemee miti mikongwe ya namna ile. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na kiasi chake kwa mwaka ni kidogo, kati ya milimita 500 na 600. Nyasi zinaishi kwa kumwagiliwa. Februari na Machi utakuta kijani. Septemba na Oktoba ni vumbi na upepo, kwa hiyo anayevaa lensi za macho aje na miwani. Mikrismasi huchanua maua mekundu kuelekea mwisho wa mwaka, na kwangu huo ndio wakati mzuri kuliko wote, mvua ikiwa bado haijashika.

Historia ya hapa si ya bustani bali ya mji wenyewe. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ikaundwa mwaka huohuo kuupanga mji. Serikali ilikuja kuhama kwa kasi baada ya 2016, CDA ikavunjwa 2017, na Aprili 26, 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Ukitoka uwanjani, tembea kwa mguu hadi Kanisa la Anglikana lenye kuba. Wageni wengi wakiliona kwa mbali hudhani ni msikiti.

Sasa picha, maana hapo ndipo watu hugombana. Kubaliana na mpiga picha bei ya picha moja na idadi ya picha kabla hajainua kamera. Ukinyamaza atapiga kumi na kudai zote. Akikutumia kwa WhatsApp, mwambie atume kama faili, la sivyo zinapunguzwa ubora na ukizisafisha kubwa zinatoka na ukungu. Unayepiga kwa simu yako usisimame chini kabisa ya sanamu: anga lina mwanga mkali na uso wa Mwalimu utatoka mweusi. Rudi nyuma hatua kumi hivi, gusa uso kwenye kioo cha simu, kisha piga.

Chinangali Park inafaa zaidi kwa familia yenye watoto. Kasoro yake ni shughuli: mikutano, matamasha na hafla hufanyika palepale, na siku hiyo usitegemee utulivu. Uliza wenyeji kabla ya kuwapakia watoto kwenye bajaji.

Mlima wa Simba si bustani, lakini anayetaka kuuona mji mzima hana budi kupanda. Vaa viatu vya kufunika vidole, kwa sababu changarawe juu ya mwamba huteleza kuliko tope. Usiende peke yako wala usiende na vitu vya thamani. Panda alfajiri, au ukipanda jioni anza kushuka kabla jua halijagusa upeo, maana giza la Dodoma huingia ghafla.

Ukija wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, weka nafasi ya kulala mapema. Mji hujaa wageni na vyumba vya katikati huisha kwanza, nawe unajikuta umelala mbali huku nauli ya bajaji kuja mjini ikikula kila jioni.